Kilo Nne za Bibi Bibiana

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Consolata aliburuta mizani kutoka mvunguni mwa kitanda cha bibi yake. Bibi Bibiana alipanda akiwa ameshika ukuta, Consolata akainama kusoma, kisha akaandika uzito kwenye daftari. Ilikuwa kazi yake tangu mwaka juzi, moyo wa Bibi uliposhindwa kusukuma damu vizuri. Dokta Shemsa alikuwa amewaeleza kwamba moyo ukichoka, maji hujikusanya mwilini, na uzito hupanda hata kabla mgonjwa hajajisikia vibaya.

"Ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache, nipigieni simu hapo hapo," alisema.

Waliishi Pongwe, Bibi na mjukuu, kwa kuwa mama yake Consolata alikuwa akifanya kazi Mwera na kurudi mwisho wa juma. Ijumaa Bibi alikuwa na kilo sitini na mbili. Jumatatu mizani ilisoma sitini na nne.

"Bibi, umepanda kilo mbili."

"Mizani hiyo imechakaa. Andika sitini na mbili."

"Lakini daktari alisema..."

"Conso, nakuomba. Mjomba wako Innocent anataka kunipeleka Dar es Salaam nikawekewe chuma kifuani. Akisikia nimepanda, kesho asubuhi nimo ndani ya basi. Nikifia huko je?"

Consolata aliandika sitini na mbili. Jumanne Bibi alikuwa na sitini na tano, Jumatano sitini na sita, lakini daftari lilisema sitini na mbili, sitini na mbili. Kibaya zaidi, Consolata aligundua kwamba vidonge vya kutoa maji mwilini havikupungua. Bibi alikuwa ameviacha tangu Ijumaa, maana vilimpeleka chooni kila mara, na wiki hiyo kwaya yake ya kanisani ilikuwa na mazoezi kila siku.

Siku hiyo ya Jumatano Consolata hakutulia darasani. Alifungua kitabu, akakifunga. Alitazama dirishani, akatazama mlango. Mwalimu Luka alimwita asome, naye akasimama bila kujua wamefika ukurasa gani. Wakati wa mapumziko, rafiki yake Wafa alimvuta pembeni.

"Una nini leo? Umekuwa kama mtu aliyekalia siafu."

Consolata alimweleza yote. Wafa alimshika bega.

"Mwambie mjomba wako."

"Bibi atanichukia!"

"Akikuchukia utamwomba radhi. Asipokuwepo, utamwomba nani?"

Consolata hakumaliza hata chai yake. Alimwomba Mwalimu Luka ruhusa, akakimbia mpaka nyumbani.

Alimkuta Bibi kibarazani, ameinama mbele, mikono juu ya magoti, anahema kama aliyepanda mlima. Miguu ilikuwa imevimba hadi kamba za ndala zimezama katika nyama.

"Nita... pumzika... kidogo tu," alisema Bibi.

"Hapana, Bibi. Nampigia mjomba."

Bibi alitikisa kichwa, lakini hakuwa na pumzi ya kubishana. Mjomba Innocent alijibu simu akiwa kazini Raskazone. Alisema wapande bajaji mara moja, atawasubiri hospitali. Haji, jirani yao, alitoa bajaji yake, akamwinua Bibi kama anayebeba yai. Njia nzima Consolata alihesabu pumzi za bibi yake, akiogopa kufika mahali ambapo hakutakuwa na pumzi ya kuhesabu.

Hospitalini, Bibi aliwekewa hewa ya oksijeni. Dokta Shemsa alifungua daftari la uzito ambalo Consolata alikuja nalo.

"Uzito haujabadilika," alisema akikunja uso. "Dawa anakunywa zote?"

"Zote," alijibu Mjomba Innocent.

"Basi dawa hazimsaidii tena. Itabidi tufikirie hatua kubwa zaidi."

Bibi alifumba macho. Consolata alimsogelea daktari.

"Si kweli, daktari," alisema. "Leo alikuwa na sitini na sita. Niliandika uongo. Na vidonge vya maji hajavinywa tangu Ijumaa."

"Conso!" Mjomba alifoka.

"Mwache," daktari alisema. "Amenisaidia sana. Ningeamini daftari hili, ningemtibu mgonjwa ambaye hayupo."

Bibi alichomwa sindano za kutoa maji. Baada ya siku tano, kilo nne zilikuwa zimekwisha, na aliweza kulala kwa mto mmoja bila kukosa pumzi. Mama yake Consolata alikuwa amefika kutoka Mwera. Dokta Shemsa aliketi kitandani, akazungumza na Bibi mwenyewe.

"Bibi, moyo wako umechoka sana. Hautarudi kuwa kama wa zamani, nami sitakuficha. Lakini njia zipo. Ya kwanza ni dawa, zikinywewa zote. Siku za mazoezi ya kwaya, hicho kidonge cha maji unaweza kukinywa ukirudi, ungeniuliza tu. Kuna kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua ili moyo upige kwa mpangilio. Kinafaa baadhi ya mioyo, si yote, kwa hiyo lazima upimwe kwanza. Kuna pampu ya kuusaidia moyo kusukuma damu, na kuna kupandikizwa moyo wa mtu mwingine, ila hizo ni operesheni nzito, na kwa kuwa vipimo vimeonyesha figo zako ni dhaifu, sikushauri. Tena kuna tiba shufaa. Muuguzi anakuja nyumbani, anakupunguzia maumivu na kuhema, anawasaidia na wanao. Hiyo huenda pamoja na dawa. Haisubiri siku ya mwisho."

"Mama, tuanze na kifaa," Mjomba alidakia.

"Innocent mwanangu, umenipangia safari, lakini hujaniuliza hata mara moja."

Mjomba aliinamisha kichwa. "Niliogopa, mama."

"Hata mimi niliogopa, ndiyo maana nikadanganya." Bibi alimgeukia daktari. "Dawa nitakunywa. Muuguzi aje. Kupimwa nitakwenda, na majibu yakitoka nitaamua mwenyewe. Hayo mengine hapana."

"Nimekuelewa," alisema Dokta Shemsa, akaandika.

Kisha Bibi alimshika Consolata mkono.

"Mjukuu wangu, nisamehe. Nilikutwisha uongo wangu ukaenda nao shule, ukala nao, ukalala nao. Mtu mzima akikuomba umfichie jambo linaloweza kumwua, hata awe bibi yako, usimtii. Mwambie anayeweza kusaidia. Wewe ulisema kweli, ndiyo maana leo nimeulizwa ninataka nini, na niko hai kujibu."