Njaa ya Guangzhou na Sufuria la Bi Kunigunda

Alikuwa anakula!

Jamani nyie... Bonifasia alikuwa anakula!

Nimesimama uchochoroni nje ya dirisha la kioo, mji wa Guangzhou, China, tumbo limeshikana na mgongo. Ndani yupo shoga yangu, mtu niliyetoka naye Mbinga, niliyepanda naye ndege, ninayelala naye chumba kimoja. Kakaa mbele ya bakuli la tambi linalofuka mvuke, mishikaki pembeni, anatafuna huku kafumba macho kwa utamu.

Na asubuhi hiyohiyo alikuwa ameniambia, "Mama Ausi, hata mimi sijisikii kula. Acha nikanyooshe miguu."

Kunyoosha miguu!

Na si hilo tu. Aliyekaa naye meza moja alikuwa muuza viatu wetu. Yule yule tuliyekuwa tunabishana naye bei, mimi na Bonifasia bega kwa bega, mpaka sauti zinakauka. Sasa wako wawili, wanapokezana kikokotoo, wanacheka.

Nikajisemea, basi. Nimeuzwa mchana kweupe.

Najua wengine mshaanza, "Si ungeingia tu ukamuuliza?" Tulieni. Ukiwa na njaa ya siku kadhaa hutaki majibu, unataka mtu wa kumlaumu.

Mimi na Bonifasia tulikuwa na duka moja Mbinga mjini, karibu na soko. Mimi Muislamu, wazee wangu walitoka Kilwa na biashara ya vitambaa. Yeye Mmatengo, Mkatoliki, asili yao Mkumbi, kahawa mpaka mlangoni. Miaka ile biashara huria ilikuwa imeshafunguliwa, kahawa inanunuliwa na kila mwenye gunia na mzani, na mkulima akishalipwa anataka kiatu kipya na redio. Tukasema tukiendelea kuchukua mzigo Kariakoo tutazeeka tunawatajirisha wengine. Twende wenyewe unakotoka.

Kuna jambo moja lazima mlijue kuhusu kwao Bonifasia.

Mama yake, Bi Kunigunda, alikuwa na sufuria moja kubwa, linatundikwa peke yake ukutani. Wamatengo wanafuga nguruwe, hakuna asiyejua. Lakini sufuria lile halikuwahi kumwona nguruwe hata siku moja. Lilikuwa letu sisi. Wakiwa na ubatizo au kipaimara, mume wangu Abdulhamid anaitwa kuchinja, nyama inapikwa kwenye sufuria lile, wote tunakula. Mjukuu akilichukua kuchotea maji anapigwa mwiko wa mgongo.

"Acha hilo! La akina Ausi hilo!"

Miaka yote nimeishi nikiona hivyo, nikadhani dunia nzima iko hivyo.

Haya, tukafika China. Mji mkubwa, maghorofa hayaishi, na kila baada ya hatua mbili kuna mahali pa kula. Lakini ingia sasa!

Hoteli ya kwanza, mlangoni kuna matangi ya maji, samaki wanaogelea, vyura wamekaa wanatuangalia. Nikaonyesha picha ya kuku ukutani. Nikataka kujua amechinjwa na nani.

"Mama Ausi, utamuulizaje huyu binti?" Bonifasia akasema.

"Kwa vitendo!"

Nikapitisha kidole shingoni, taratibu, huku namkazia macho ili aelewe vizuri.

Binti wa watu akarudi nyuma. Akamwita bosi wake. Bosi akaja na wanaume wengine kutoka jikoni... Tulitoka pale haraka, shikamoo miguu.

Ya pili nikaagiza wali mtupu, mtupu kabisa. Nikafukua katikati nikakuta vipande vyekundu vya nyama, na Bonifasia akainamisha uso. Anamjua nguruwe akimwona.

Ya tatu nilinusa tu mlangoni nikageuka.

Hapo nikatoa fatwa yangu mwenyewe, "Mji huu wote wanapikia mafuta ya nguruwe. Mtaa kwa mtaa! Sili tena nje. Biskuti na mayai ya kuchemsha vinanitosha."

"Basi na mimi," Bonifasia akasema.

"Wewe kula, shoga. Dini yako haikukatazi."

"Nile wewe unanitazama? Kwetu hakuna hiyo."

Nilimpenda siku ile, sifichi. Lakini kuanzia hapo ikawa kila mchana lazima anyooshe miguu. Akirudi, midomo inang'aa. Na ananukia... bizari ya pilau! Nikajua njaa imeshaanza kunichezea akili. Pilau itoke wapi Guangzhou?

Ndipo nikamfuata. Nimetembea nyuma yake mtaa mzima, macho kwenye mgongo wake tu, mpaka nikamwona anaingia. Nikazungukia ubavuni, uchochoroni, kwenye dirisha. Mengine mnayajua.

Nilienda moja kwa moja kwenye kibanda cha simu. Kwetu ilikuwa asubuhi, Abdulhamid ndiyo kwanza anafungua duka.

"Toa vitu vya Bonifasia. Vyote. Peleka kwa mama yake."

"Kuna nini tena?"

"Kaniuza! Yuko na muuza viatu wanapanga mambo yao. Badilisha na kufuli."

"Mke wangu, si ungesubiri kidogo..."

"Abdulhamid!"

"Haya, haya. Nimesikia."

Sasa mumjue mume wangu. Bati la jiko letu lilikuwa linavuja tangu mvua za mwaka juzi, kila siku "kesho". Mlango wa choo, "kesho". Moyoni nilijua hata nikimtuma leo, nina wiki nzima ya kubadili mawazo.

Nikarudi chumbani, nikakaa kitandani namsubiri.

Akaingia.

"Mama Ausi, umekula?"

"Wewe je?"

"Sijala."

Weee! Nilimrukia kwa maneno, siwezi kuyaandika yote hapa, kuna watoto. Nikamwita mnafiki. Nikamwambia nimekuona kwa macho yangu, mishikaki, muuza viatu, vicheko.

Bonifasia akakaa chini sakafuni. Akafunika uso na kitenge.

"Nisamehe, Mama Ausi. Nimekula nguruwe."

"Nani kakuuliza habari za nguruwe? Nakuuliza habari za viatu!"

"Ndiyo hiyohiyo. Njaa ilinishinda. Nikawafuata wabeba mizigo, si unajua hata Mbinga ukitaka mama ntilie mzuri unaangalia makuli wanakula wapi? Nikakuta pamejaa. Nikala. Ningekuambiaje? Nikuambie wewe unalala na biskuti, mimi nimeshiba nguruwe? Niliona aibu."

"Na muuza viatu?"

"Nilimwalika. Kwetu jambo gumu linasemwa watu wakishakula pamoja. Sisi tulimwendea midomo mikavu, tukaanza kupiga kelele. Nikasema ngoja nimlishe kwanza. Leo kakubali bei yetu, Mama Ausi. Yetu wote wawili! Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia bila kusema tulikula wapi."

Halafu nikakumbuka ile harufu.

"Nipeleke," nikasema.

"Wapi?"

"Huko kwenye nguruwe wako. Nipeleke sasa hivi!"

Tukaenda. Safari hii nilipita mbele, mlango mkuu, na kwa mara ya kwanza nikainua macho.

Kibao cha kijani. Juu yake, kwa maandishi ya Kiarabu niliyofundishwa chuoni kwa fimbo nikiwa mdogo, pameandikwa wazi kabisa: HALALI.

Nilishika nguzo ya taa.

"Bonifasia."

"Abee."

"Hapa ni kwa Waislamu."

"Hapana bwana."

"Hao wapishi, hizo kofia nyeupe kichwani hukuziona?"

"Si kofia za wapishi?"

"Ni za Waislamu! Kama ya Abdulhamid!"

"Kwa hiyo ile nyama..."

"Kondoo!"

"Siku zote?"

"Siku zote!"

Akanitazama. Na yeye hasira zikampanda.

"Yaani nimejiona mwizi siku zote hizi kwa ajili ya kondoo? Na wewe ndiye uliyesema mji mzima ni nguruwe! Mtaa kwa mtaa, ulisema!"

"Wewe hukumtambua kondoo mdomoni?"

"Kwetu tunafuga nguruwe na mbuzi! Kondoo namjulia wapi, na bizari yote ile? Nikajua nguruwe wa Kichina ndivyo alivyo!"

Tulipigiana kelele pale barabarani mpaka mzee mwenye kofia akatoka. Nikamwambia, "Assalamu alaykum." Akaitikia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akatuingiza ndani. Tambi wanazivuta kwa mkono mbele yako, supu nzito, mishikaki imepakwa bizari na pilipili. Nililia huku nakula. Mgahawa bora kuliko yote niliyowahi kukanyaga, na ulikuwa nyuma ya gesti yetu, mtaa nilioukataza mimi mwenyewe!

Nikiwa na mshikaki mdomoni nikakumbuka.

Abdulhamid!

Nilikimbia mpaka kwenye kibanda cha simu, Bonifasia nyuma yangu haelewi kitu, kashika mishikaki yangu kwenye mfuko.

"Usitoe vitu! Abdulhamid, usitoe!"

"Vitu gani? Mbona nimeshamaliza? Nilikodi mkokoteni palepale. Na kufuli nimeweka jipya."

Nyie... nyie! Bati la jiko mwaka wa pili, lakini hili kalimaliza kabla hata jua halijapanda!

"Mama yake kasema nini?"

"Hakusema kitu. Alinipa kiti, akanipa maji nikanywa. Halafu akaingia ndani, akatoka na lile sufuria. Akasema, 'Mpelekee mkeo. Kwetu halina kazi tena.'"

Simu zile zilikuwa na sauti kubwa. Nilipogeuka, Bonifasia alikuwa amesimama pale, amesikia yote.

Akanipa ule mfuko.

"Malizia," akasema. "Inapoa."

Afadhali angenitukana.

Viatu tulinunua kwa bei aliyoipata yeye. Tukarudi, duka tukafungua tena pamoja, kufuli jipya nikalitupa. Bonifasia alinisamehe kabla ndege haijatua, ndivyo alivyo. Lakini Bi Kunigunda! Nilimpelekea sufuria, nikapiga magoti, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Nikanywa chai. Nilipoaga, akanifungashia mahindi mabichi... na sufuria langu juu yake.

Nikapeleka tena. Chai tena. Sufuria tena mkononi, nalirudisha nyumbani.

Halafu kikaja kipaimara cha Tadea, binti wa Bonifasia. Tulialikwa kwa heshima zote, tukawekwa viti vya mbele. Nikajua yameisha. Lakini Abdulhamid hakuitwa kuchinja, na mimi nikajipa moyo, labda kachinja Muislamu mwingine.

Watu wakapakuliwa. Bi Kunigunda mwenyewe, na uzee wake, akatuletea sahani yetu, imefunikwa kitambaa safi. Akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

Nikafunua.

Mayai ya kuchemsha. Na biskuti.

Akaniinamia, sauti ya upole kabisa.

"Nilisikia hata huko China ndivyo ulivyokuwa unakula, mwanangu. Nikasema nisije nikakukosea."

Nilikula. Mayai yote, na biskuti zote, machozi yanashukia kwenye sahani, na mama yule amesimama pembeni anasubiri kunipa maji ya kunawa.

Sufuria liko jikoni kwangu mpaka leo, chini ya lile bati linalovuja.

Mwenye rafiki asikie hili: mtu mliyekula naye miaka, ukimkosea, utakuta una deni kwa watu ambao hukuwahesabu. Wamatengo wanakula kwanza ndipo wanasema. Mimi nilisema kwanza, tena kwa simu.

Na mnaokwenda Guangzhou, msihangaike na njaa. Angalieni juu, vibao vya kijani vipo mitaa mingi, mtakula mpaka mfungue vifungo. Mimi nilikuwa naangalia mgongo wa rafiki yangu.