Njaa Nyuma ya Kabati

Asubuhi iliyofuata semina, daktari alikuta chumba chake kinanuka damu mbichi. Akafungua madirisha, akapiga deki mwenyewe. Harufu ikang'ang'ania.

Semina ilihusu dawa zinazogombana mwilini. Mkufunzi aliwaonyesha madaktari jinsi dawa ya kuzuia damu kuganda, ikimezwa pamoja na vidonge vya maumivu, inavyoweza kumvujisha mgonjwa damu tumboni hadi afe. Daktari alitoka pale moyo mzito, maana aliwahi kuziandika pamoja, tena si mara moja. Mwenzake wa chumba cha pili, waliyemwita Kipara, hakwenda. "Nimesota chuoni miaka yote ile, leo nikafundishwe vidonge?" alicheka.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi mwenye ugonjwa wa moyo, anayemeza ile dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku.

"Magoti, mwanangu. Silali."

Daktari alikusudia kumwandikia dawa ya kuchua. Alipotazama karatasi, mkono wake ulikuwa umeandika vidonge vile vile vya maumivu. Akaichana. Akaandika upya, polepole, akitamka kila herufi, na mkono ukamponyoka tena ukaenda unakotaka, baridi kama si wake, huku nyuma ya kabati kitu kikijilamba midomo, taratibu, kama mbwa anayesubiri chungu kiipuliwe, na ile harufu ikapanda hadi akaionja ulimini.

"Bibi," alinong'ona, "kuna nani nyuma yangu?"

Bibi alikuwa ameshafumba macho. "Usigeuke, mwanangu. Usigeuke."

"Miaka yote umenilisha," sauti ikamwambia sikioni, kama yenye huruma. "Leo nimekukosea nini?"

Daktari akawakumbuka wagonjwa wake waliorudishwa wakitapika damu, naye kila mara akiandika kuwa ni vidonda vya tumbo na kumwita mwingine aingie.

Akaitupa kalamu dirishani, akamshika bibi mikono yote miwili. "Nunua ya kuchua tu. Kidonge chochote cha maumivu, hata jirani akikupa, usimeze. Kitakuua. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Nyuma ya kabati kitu kiliguna. Kisha kabati likasogea lenyewe, kidogo, na ukuta wa upande wa chumba cha Kipara ukagongwa kwa ndani.

Daktari alitoka mbio. Kwa Kipara, mgonjwa alikuwa kitini, kalamu inakwenda.

"Acha kuandika! Kaka, nakuomba, acha!"

Kipara akainua uso kumtazama, akacheka. Mkono wake haukusimama.