Jino la Nani?

Ghala la zamani la saruji lilikuwa na milango mitatu, na saa tisa alasiri ya Jumamosi ile yote mitatu ilikuwa imeziba kwa watu. Kila besi ilipopigwa, mabati ya paa yalitetemeka na vumbi la saruji la miaka yote likawamwagikia watu vichwani. Hakuna aliyejali. Walikuja kusikiliza hevi metali, hawakuja kutafuta usafi.

Mtangazaji wa stesheni alikuwa kwenye pipa la maji, kikombe mkononi, anasukumwa huku na huku. Siku za kazi huvaa blauzi nyeupe na sketi ya buluu yenye pasi kali, akakaa kwenye kibanda cha vioo kuwaambia abiria treni ipi iko njia ipi. Leo alivaa buti za kamba, sketi nyeusi aliyoikata mwenyewe kwa mkasi, upande mmoja mrefu upande mmoja mfupi, na fulana yenye fuvu lililofifia kwa kufuliwa. Misuko yake ilifika kiunoni.

"Dada, unakunywa au unaoga? Wenzako tuna kiu."

Akageuka. Kijana mrefu, fulana nyeusi isiyo na mikono, macho ya mtu anayependa utani.

"Nakunywa. Na wewe umekuja kupaka ukuta chokaa au kusikiliza muziki?" Alizielekezea kidole kucha za kijana, zilizojaa unga mweupe.

Kijana akaficha mikono nyuma, akacheka. "Hapo umenikamata. Haya, niambie kitu kimoja kabla sijakusamehe. Gitaa au ngoma?"

"Ngoma. Gitaa ni mapambo tu."

"Mapambo! Sura nzuri hivi, kumbe kichwani kumeharibika."

Mtangazaji akacheka, na papo hapo akaweka mkono mdomoni. Ndiyo desturi yake. Jino lake moja la mbele, la juu kushoto, lilikuwa bandia. La kwake alilipoteza kwenye baiskeli akiwa na miaka kumi na minne, na katika dunia nzima aliyejua ni mama yake peke yake. Wachumba wawili walikuja na wakaenda bila kujua.

Bendi kubwa ikapanda. Mpiga ngoma alipiga mara nne, na ghala zima likaruka.

Watu wa metali wana sheria moja ambayo hawajaiandika popote. Mbele ya jukwaa hufanya duara na kusukumana kama wendawazimu, lakini mtu akianguka, wote husimama wakamwinua. Na kitu kikianguka, aliyekiokota hukiinua juu na kukishika hivyo hivyo mpaka mwenyewe ajitokeze. Simu, miwani, kiatu, chochote.

Wimbo wa tatu, Mtangazaji alikuwa katikati ya duara anatikisa kichwa mbele na nyuma, misuko inapiga hewa kama mtu anayefukuza nyuki. Moyo wake ulikuwa umejaa raha hadi unauma. Mara ulimi wake ukagusa pengo.

Akasimama. Akaangalia chini. Mamia ya buti.

"Jino!" Sauti nzito ikapaa juu ya zogo, maana wimbo ulikuwa umekatika. Yule kijana wa pipani alikuwa ameinua mkono, na vidoleni, likimulikwa na taa ya simu, lilikuwapo jino lenye kibao chake cha plastiki ya waridi. "Jamani, jino! Jino la nani?"

Ghala zima likaangua kicheko. Hata mpiga gitaa aliinamia magoti yake akicheka. Kijana alikuwa akigeuka polepole, mkono juu, akitafuta uso wa mwenyewe.

Mtangazaji aliziba mdomo kwa mikono yote miwili akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, huku wimbo alioungoja mwezi mzima ukianza.

*

Jumapili simu haikutulia. Mashabiki wana kundi lao la kutumiana ujumbe, na kila baada ya tamasha hutapika yote waliyoyaona. Humo kila mtu ana jina lake la utani. Mtangazaji huitwa Reli.

"Yule mpiga ngoma ana mikono mingapi? Mimi nimehesabu sita."

"Shingo yangu haigeuki. Leo nimemsalimia shemeji kwa kiuno."

"Wimbo wa tatu ulipokatika ghafla nilisikia moyo wangu mwenyewe, naapa."

Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu anayeitwa Msumari, na ile sauti nzito Mtangazaji aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza. "Mimi nasema hivi. Wimbo wa mwisho, gitaa lilipanda taratibu, likapanda, nikadhani limefika, kumbe bado. Nywele za mikono zikasimama. Nilitaka kumgeukia mtu nimwambie umesikia? Kulikuwa na dada mmoja mwenye misuko, nikamtafuta, hayupo. Dada, kama umo humu, umekosa utamu."

Mtangazaji aliusikiliza mara nne, mgongo umeegemea mlango wa chumba. Akamwandikia pembeni: *Mimi ndiye wa pipa la maji. Ngoma bado inashinda.*

Jibu halikuchelewa hata kidogo. *Wewe! Nipigie sasa hivi.*

*Siwezi.*

*Una mume?*

*Sina mume. Nina mafua.*

*Mafua hayazuii simu. Nataka nikusikie ukinitukania gitaa.*

Bila lile jino, kila s yake ilipiga mluzi. Hakupiga. Waliandikiana adhuhuri yote, wakabishana juu ya nyimbo, yeye akicheka peke yake kama mgonjwa, mpaka mama yake akapiga kelele kutoka jikoni, "Huyo anayekutekenya yuko upande gani wa ukuta?"

Alasiri Msumari akaweka picha kwenye kundi. Jino, limelazwa juu ya kitambaa cheusi. *Mwenyewe ajitokeze.* Nia yake ilikuwa njema, lakini kundi lilipata sherehe.

"Mwenye nalo leo anakula supu."

"Mpelekeeni mpiga ngoma alitie kwenye mkufu."

"Akija kulidai tumtambue vipi? Atabasamu!"

Mtangazaji alisoma mpaka macho yakaingia moto. Jioni akajitoa kwenye kundi, akamfungia Msumari asiweze kumwandikia, akalala kifudifudi.

Mama yake, fundi cherehani asiye na subira na machozi, aliingia bila kubisha. "Limekutoka?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi kesho tunakwenda kutafuta fundi. Jino halirudi kwa kulia."

*

Jumatatu asubuhi Mtangazaji akawasha kipaza sauti. "Treni ya saa sita kwenda kusini itasimama njia namba sita." Spika za stesheni nzima zikapiga mluzi, na abiria sitini wakanyakua mizigo wakakimbilia treni ya kaskazini, wakidhani inaondoka.

Mkuu wa stesheni alikuja kibandani anahema. "Mwanangu, una nini mdomoni?"

"Sina kitu, mzee."

"Ndiyo, nasikia kwamba huna kitu. Nakupa hadi Jumatano. La sivyo nitakuweka chumba cha mizigo, huko ongea na masanduku."

Saa nane mama yake alimwongoza ngazi za jengo moja refu, mpaka mlango ulioandikwa *Meno Bandia*. Ndani kulinuka plasta mbichi. Juu ya rafu kulikuwa na mataya meupe yamepangwa mistari, yote yamekenua. Fundi alikuwa amewapa mgongo, koti jeupe, anakoroga plasta kwenye bakuli la mpira.

Akageuka. Kucha zake zilikuwa nyeupe.

"Nilijua utakuja," alisema Msumari.

Mtangazaji aliziba mdomo kwa mkono. Kwenye meza, chini ya taa, jino lake lilikuwa ndani ya kikopo cha kioo.

"Jana jioni niliketi nalo hapa," fundi aliendelea haraka haraka, uso umechangamka. "Juu kushoto. Ndoano ya waya imekatika, ndiyo maana liliruka. Nikakumbuka dada anayecheka na kuziba mdomo. Halafu nikaona umejitoa kwenye kundi. Nikasema, kumbe mafua yenyewe ndiyo haya!"

Alikosea kuongeza utani. Mtangazaji alishusha mkono, na maneno yakatoka na miluzi yake yote. "Kwa hiyo unajua ni langu, na bado unacheka? Umesimama mbele ya watu mia tatu umeniinua kama samaki sokoni! Umeniweka picha! Watu wamenichezea siku nzima!"

"Pale ghalani sikujua. Ndiyo sheria, kitu kikianguka..."

"Sheria! Kuna kitu cha kuinuliwa, na kuna kitu cha kuwekwa mfukoni kimya kimya!"

Fundi aliweka bakuli la plasta mezani. "Hapo una haki," alisema taratibu. "Nisamehe. Lakini ile picha nimesha..."

"Sitaki kusikia habari ya picha." Alishuka ngazi mbili mbili.

Mama mtu alibaki, mkoba kwapani, anamtazama kijana kuanzia viatu hadi nywele. "Unaweza kulitengeneza bila yeye kukaa kwenye kiti?"

"Naweza, mama. Kibao chake ni kizima. Nabadilisha waya tu."

"Basi badilisha. Na wewe, baba, ulimi wako una mbio kuliko akili."

"Naona, mama."

Jumanne jioni mama alitua kikopo mezani. Jino likaingia pale pale, halichezi, bora kuliko mwanzo. "Amesema ukienda kutikisa kichwa ulivue uliweke mfukoni," mama alisema.

"Hakusema kingine?"

"Alisema. Nikamwambia aje akuambie mwenyewe, mimi si tarishi."

Jumatano sauti ya Mtangazaji ilitiririka stesheni nzima, laini kama siku zote. Mkuu wa stesheni alimpigia saluti kupitia kioo. Lakini siku zikapita, na kila treni aliyoitangaza aliitazama ikishusha watu, kana kwamba mtu fulani mrefu angeweza kushuka. Hakumfungulia kwenye simu. Kiburi kilimzuia, na aibu ikakisaidia kiburi.

*

Wiki mbili baadaye kulikuwa na tamasha jingine, ghala lile lile, alasiri ile ile. Aliapa haendi. Saa nane akafunga kamba za buti.

"Naona umebadili mawazo," mama alisema.

"Nakwenda kusikiliza ngoma."

"Mimi nimeuliza?"

Alisimama nyuma kabisa, karibu na nguzo. Bendi ilikuwa haijapanda, na katikati ya ghala watu walikuwa wanaimba kwa pamoja, wanapiga makofi: "Ki-bo-go-yo! Ki-bo-go-yo!" Duara likafunguka, akamwona. Fundi, fulana yake isiyo na mikono, ameinua mikono kama bingwa wa ngumi, anatabasamu tabasamu la mtu aliyezoea kuchekwa. Mtu akamrushia mswaki. Akaudaka, akainama kushukuru.

"Kwa nini wanamwita Kibogoyo?" Mtangazaji alimuuliza dada aliyesimama kando yake, nesi wa zamu aliyekuja na viatu vyake vya hospitali.

"Hukusikia? Lile jino la tamasha lililopita lilikuwa lake! Aliliokota mwenyewe akajifanya halijui. Jumapili ile ile jioni akafuta picha, akaandika kwenye kundi: jamani, jino ni langu, niliona haya, nichekeni mimi. Tangu hapo hapumui. Na meno yake yote yamo, lakini anasema alitengenezewa jingine."

Mtangazaji alihesabu siku. Jumapili jioni. Kabla ya Jumatatu. Kabla hajampigia kelele mbele ya mataya yote yale. Na kijana alikuwa ameanza kusema, mara mbili.

Ngoma zikapiga mara nne. Wimbo wa kwanza ulivuma, watu wakaruka, yeye akapita katikati yao kwa viwiko. Alisukumwa, akaanguka, mikono kumi ikamwinua. Alipofika katikati ya duara, wimbo ukakatika.

Alitia vidole mdomoni. Akachomoa. Akainua mkono juu kadiri ulivyofika, na mkono wa pili, ambao miaka kumi na miwili ulikuwa kifuniko cha mdomo, akauacha uning'inie.

"Jino!" alipaza sauti, sauti iliyozoea kufikia treni za mbali. "Jino hili ni langu! Ndilo lile la siku ile! Huyu kaka anasingiziwa!"

Mtu mmoja akapiga mluzi wa kushangaa. Halafu ghala likalipuka, si kicheko tena, bali shangwe iliyotikisa mabati, na vumbi la saruji likawashukia wote kama unga. Mpiga ngoma akapiga ngoma zake zote kwa heshima ya jino.

Fundi alikuwa amefika mbele yake. Hakucheka.

"Ulinichukulia aibu yangu," Mtangazaji alisema, na pengo likapiga miluzi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa nafasi? Ulishuka ngazi kama unafukuzwa."

"Sasa nimesimama. Sema."

"Nilikuona unacheka pale kwenye pipa, kisha ukajificha. Nikakaa natamani nione mwisho wa kile kicheko." Alimtazama mdomoni bila haya. "Ndio huu?"

Mtangazaji akacheka. Mkono ulitaka kupanda kwa mazoea, fundi akaudaka njiani, akaushika, hakuuachia.

"Mama anasema uje nyumbani Jumapili," alisema Mtangazaji. "Anasema vijana wenye ulimi wa mbio anapenda kuwaona wakiwa wamekaa."

"Nije kama fundi au kama nani?"

"Kama fundi ungekuja siku ya kazi, mpenzi."

Fundi akanyoosha kiganja, Mtangazaji akamwekea jino. Akalifunga ndani ya leso safi, akalitia mfuko wa kifuani na kufunga kifungo. Jukwaani mpiga gitaa akaanza ule wimbo wa mwisho wa siku ile, ule ambao Mtangazaji aliukosa alipokimbia. Gitaa likapanda taratibu, likapanda, akadhani limefika, kumbe bado, na nywele za mikono yake zikasimama.

Akamgeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia," alisema fundi. "Gitaa au ngoma?"

"Sisemi," akamjibu, na s zote mbili zikapiga mluzi, wazi kabisa, mbele ya watu mia tatu.