Pete Tatu za Sumaku

Jumamosi ile jua lilikuwa zuri. Soko la Mbinga lilijaa watu waliokuja kununua chumvi, na wengine waliokuja kuangalia nani kanunua nini. Scolastika alikuwa amesimama kwenye kibanda cha Allen, muuza chaja na vikorokoro vya simu, akichagua kidude cha sumaku cha kuchezea mkononi. Si cha mtoto. Cha mumewe.

"Mama, vya watu wazima ni hivi," Allen alimwonyesha. "Hivi vigololi vinapotea ovyo. Hivi vijiwe viwili ukivirusha vinalia kama panzi. Hizi pete tatu zinavutana na kusukumana kidoleni, ila hazina sauti."

"Nipe zisizo na sauti," Scolastika alisema, haraka mno.

Sauti ingewaita majirani, na majirani alikuwa nao wa kutosha. Mumewe, Izidori, alikuwa amekwenda Mbamba Bay kufuata dagaa, mtumbwi ukapinduka ziwani. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana. Wiki tatu zilipopita ukoo ukafuata desturi yao: wakauvisha mgomba shuka, wakaulaza kwenye jeneza. Bernadi seremala, rafiki wa Izidori tangu utotoni, akagongelea kifuniko kwa misumari minane. Wakazika, wakalia, wakala.

Mwezi haujaisha, Izidori akaingia uani kwake Litembo kwa miguu yake mwenyewe.

Desturi hiyohiyo inataka mtu akirudi, kaburi lifukuliwe siku ileile na mgomba uchomwe. Lakini ulikuwa msimu wa kutengeneza ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani, na shamba halina subira. Kila mtu akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa nyingine, mpaka ikafika ya tano.

Na mikono ya Izidori haikutulia. Ilifumba na kufumbua mezani, kitandani, hata kanisani. Watu wakaanza kunong'ona kwamba huyo hajarudi mzima, kaburi lifunguliwe. Scolastika hakutaka kusikia. Alikuwa amemlilia mumewe mara moja, na aliogopa kwamba wakifungua, watamchukua tena.

Pete zilifanya kazi. Izidori alizivaa, akazizungusha, na mikono ikatulia. Scolastika alifurahi hadi akacheka peke yake jikoni.

Jumatatu walikuwa shambani. Izidori alikuwa akipanga majani yaliyokatwa, miraba kwa miraba, naye mkewe akifuata nyuma kwa jembe, akiyafunika udongo. Ilipofika saa nne, Izidori akanyoosha mkono kuomba maji. Kiganja kilitazama chini. Vidole vilikuwa vimetanuka. Pete zilikuwa katikati ya kiganja.

Hazikudondoka.

Scolastika aliushika mkono ule. Chini ya ngozi kulikuwa na vitu vigumu, virefu, vimelala sambamba. Akavihesabu kwa kidole. Vinne. Akaushika wa pili. Vinne.

Izidori akainama sikioni mwake. "Usiende kule," alinong'ona.

Alikwenda. Saa nane mchana, jua likiwaka, akiwa na Bernadi na makoleo mawili. Walichimba mpaka ubao ukaonekana. Kifuniko kilikuwa na matundu manane. Msumari hata mmoja haukuwepo.

Bernadi akaingiza ncha ya koleo afunue.

"Shemeji, usifunue," Scolastika alisema. "Gongelea."

"Lakini shemeji..."

"Wangu nimeshampata. Yuko nyumbani. Gongelea!"

Bernadi akatoa misumari mipya mfukoni. Akagongelea yote minane. Wakafukia.

Walipofika nyumbani, Izidori hakuwepo. Jembe lake lilikuwa mahali pake, viatu vyake vilikuwa mlangoni. Kitandani kulikuwa na zile pete tatu, na misumari minane ya zamani imezing'ang'ania. Ilikuwa imelowa.

Bernadi alipoiona akakaa sakafuni.

"Shemeji," alinong'ona. "Leo nilipopigilia ule wa mwisho, humo ndani mtu aliniita. Aliniita Mapengo."

Scolastika alimtazama. Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyekuwa akimwita Bernadi jina hilo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nigongelee."

Walirudi mbio. Walichimba, Scolastika akitumia mikono pale koleo lilipochelewa, huku akiita jina la mumewe. Bernadi aling'oa kifuniko.

Ndani mlikuwa na mgomba tu. Mweusi, umeoza, umefungwa shuka kama walivyoufunga wao wenyewe.

Scolastika akashuka humo ndani. Akaigusa shuka upande wa miguuni: baridi. Kifuani: baridi. Upande wa kichwani ilikuwa na unyevu kidogo, na ilikuwa ya vuguvugu, mahali padogo tu, penye upana wa mdomo. Akalaza shavu lake pale.

Akabaki hivyo, hajisogezi, mpaka pakapoa.