Kitundu cha Mfuniko wa Tanki

Kila alfajiri Magesa alifunga madumu mawili ya maziwa kwenye keria ya baiskeli ya baba yake na kuelekea mjini Ushirombo. Katikati ya fremu ya baiskeli hiyo ilifungwa injini ndogo, ya aina ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Ilipiga kelele kubwa kuliko umbo lake, hata mbwa wa jirani walianza kubweka kabla haijaonekana. Jioni mdogo wake Vumilia, mwanafunzi wa darasa la sita, aliifuta vumbi. Baba alimpa sharti moja tu: tanki asiliguse.

Magesa alikuwa amemaliza kidato cha nne, na alipenda injini kuliko chakula. Fundi Ignas wa pale mjini alikuwa ameahidi kumpokea kwenye gereji yake amfundishe kazi. Nyumbani wote waliijua ahadi hiyo, maana Magesa hakuwa na hadithi nyingine.

Kwa kuogopa wezi, baiskeli ililala sebuleni. Tanki likijazwa pomoni, petroli ilichuruzika kupitia kitundu kidogo kilichokuwa kwenye mfuniko, na harufu ikatapakaa nyumba nzima.

"Petroli na kibatari chumba kimoja!" Mama alilalamika. "Mnataka tuungue usingizini?"

Maneno hayo yalimtia Vumilia hofu. Aliwahi kuona waendesha bodaboda wakiziba tanki linalovuja kwa sabuni ya mche. Basi jioni moja alikata kipande cha sabuni, akakilainisha kwa vidole, akakishindilia kwenye kile kitundu. Usiku huo harufu haikusikika. Mama alilala kwa amani, na Vumilia akajiona fundi kamili. Hakumwambia mtu yeyote.

Kesho yake Magesa alirudi nyumbani amelowa jasho.

"Injini imeishiwa nguvu njiani," alisema. "Nilidhani petroli imekwisha. Nimefungua tanki, petroli tele! Nimefunga, nikawasha, ikakimbia vizuri. Kufika mlimani, imezima tena."

"Mgonjwa gani huyo anayepona akitazamwa tu?" Baba aliuliza.

Siku zilizofuata hali ilikuwa ile ile, na maziwa yakaanza kufika sokoni yamechacha. Wateja walinuna. Baba naye alinuna, tena kuwashinda. Siku moja Magesa alipofungua tanki pale uani, Vumilia alisikia mluzi mwembamba, fyuuu, kama kitu kinavuta pumzi. Je, ni ile sabuni? Lakini kitundu kiko juu, injini iko chini, na petroli haipiti kwenye kitundu hicho kwenda kwenye injini. Aliwaza mpaka kichwa kikamuuma. Tena akikumbuka sharti la Baba, ulimi ulikuwa mzito.

Jumamosi Baba, Magesa na Vumilia walikwenda kwa Fundi Ignas. Fundi alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akakwangua masizi kwenye bomba la moshi. Kisha alifungua tanki, akanusa petroli, akafunga. Alipowasha, injini iliunguruma kwa furaha. Fundi akaondoka nayo kuijaribu, akitabasamu. Muda mrefu ukapita, kisha wakamwona akirudi kwa miguu, anaikokota baiskeli, na tabasamu amelisahau barabarani.

"Sielewi," alisema akijifuta jasho. "Kimebaki kitu kimoja tu. Nani anachanganya oili?"

"Magesa," Baba akajibu.

"Una adabu, kijana, na shikamoo yako naipokea kila siku, lakini oili ikizidi, injini hukabwa," Fundi alimwambia Magesa. "Mtu asiyejua kuchanganya oili ya baiskeli nitamkabidhi vipi pikipiki za watu? Yale mazungumzo yetu tuyaache kwanza."

"Fundi, nachanganya kwa kipimo kile kile ulichonionyesha!" Magesa alisema.

"Usibishane na mkubwa," Baba alimkemea. "Umeniharibia injini, sasa unataka kuniharibia na jina?"

Magesa aliinamisha kichwa. Vumilia alimtazama kaka yake na machozi yakamjaa. Hakuwa na hakika kama sabuni ilihusika, ila alijua kwamba ameficha jambo.

"Baba, si Magesa," alisema. "Ni mimi. Nimeziba kitundu cha mfuniko kwa sabuni ili petroli isinuke ndani. Sijui kama ndiyo sababu."

Fundi Ignas aliinua mfuniko, akaukwangua vumbi kwa ukucha, akacheka kwa mshangao.

"Ndiyo sababu! Petroli ikishuka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Umewahi kumimina mafuta ya kula kutoka galoni lisilotobolewa juu? Yanatoka kidogo, yanagoma. Kila tulipofungua mfuniko, hewa iliingia na injini ikapata nguvu. Tukifunga, tunaikaba. Na mimi nimeushika mfuniko huu mara ngapi bila kuutazama!"

Alikizibua kitundu kwa waya mwembamba, akamwonyesha Vumilia kwamba tanki lisipojazwa pomoni, petroli haimwagiki. Magesa aliipanda baiskeli, akaenda hadi mlimani na kurudi bila kusimama.

Baba alimshika Vumilia begani.

"Mwanangu, ulitaka kutusaidia, sitakuchapa. Lakini jambo usilolijua, uliza kabla hujaligusa. Na ukikosea, sema mapema. Kosa likifichwa, hubebeshwa asiyehusika." Akamgeukia Magesa. "Na mimi ndiye niliyekubebesha. Nisamehe, baba yangu."

Fundi Ignas alimtupia Magesa ovaroli iliyojaa madoa ya oili.

"Jumatatu asubuhi uwe hapa," alisema. "Ukichelewa, namchukua mdogo wako. Huyu akishazoea kuuliza, atatushinda wote."