Kizibo cha Mashua

Kila asubuhi kabla ya shule, Apiyo alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine Kericho aliyekuwa nayo: kutoa maji ya mvua yaliyojaa kwenye mashua. Naam, mashua! Ilikaa kwenye trela nyuma ya nyumba yao, karibu na shamba la chai, kuukuu, rangi imebambuka. Baba yake, Oketch, fundi wa mitambo kiwandani, aliinunua ili familia itembee ziwani wikendi.

"Oketch, utavua samaki kwenye majani chai?" majirani walimtania.

Apiyo alikuwa akiinua ubao wa sakafu ya mashua, anang'oa kizibo kilichoziba tundu la chini, maji yanatoka, kisha anakirudisha. Ijumaa alikuwa amechelewa. Maji yalipotoka, aliacha kizibo kwenye dirisha la nyumba, akakimbilia shule.

Jumamosi, kabla ya safari, Baba aliuliza, "Umeangalia kizibo?"

"Ndiyo, Baba," Apiyo alijibu haraka. Akili yake ilikuwa imeshafika ziwani.

Walipofika, Apiyo alikodoa macho. Lo! Maji yalienda, yakaenda, mpaka yakagusa mbingu. Hakujua kwamba duniani kuna kitu kikubwa hivyo.

Baba alianza kusukuma trela majini. Mama akamwinua Shirley, kitindamimba wao wa miaka mitatu, akamketisha ndani ya mashua. Shirley akapiga makofi. Hapo Apiyo akakumbuka kizibo alichokiacha dirishani. Akisema, safari itavunjika. Akinyamaza, maji yataingia chini ya sakafu bila mtu kuyaona.

"Baba, ngoja! Nilikudanganya! Kizibo kiko nyumbani."

Mama alimnyakua Shirley. Baba alichagua kipande kigumu cha mti wa chai kati ya kuni walizobeba za kupikia, akakichonga kwa kisu mpaka kikabana tunduni. Waliiacha mashua tupu ielee kwanza, wakasubiri. Hata tone halikuingia.

Walivaa jaketi za kuokolea, wakapanda. Baba akavuta kamba, tanga likapanda, likajaa upepo, na mashua kuukuu ikaondoka bila injini, bila kelele. Apiyo aliachama. Kumbe upepo unaweza kubeba familia nzima!

"Mwanangu," Baba alisema hatimaye, "uongo wako umeniuma. Lakini ulisema ukweli tukiwa bado ufukweni, ndiyo maana Shirley anacheka sasa. Kosa likitokea, liseme mapema, hata kama utakosa unachokitamani. Sasa inua ubao, uangalie kizibo. Kwa macho, si kwa mdomo."

Apiyo aliinama, akaangalia vizuri.