Koti Limekuja?

Wewe ukiwa unakula, mtu akakohoa nyuma yako, unasemaje? Unasema karibu. Hugeuki kwanza kumkagua kama anastahili. Mdomo unatangulia, macho yanafuata. Ndivyo mama zetu walivyotulea, na ndivyo Ambrosi alivyojiponza.

Ambrosi alikuwa na cheti cha kidato cha sita na kazi ya kupeleka maharage. Usicheke. Mwaka ule wa sabini na sita vyeti vilikuwa vingi kuliko viti vya kukalia, kwa hiyo shirika moja la mbao pale Nyololo lilimpa pikipiki, likamwambia congratulations, wewe sasa ni Afisa Usambazaji wa Lishe. Kila asubuhi alifunga madebe mawili nyuma ya kiti, la ugali na la maharage, akapanda nayo msituni kwa wakata misonobari.

Madebe yalivishwa magunia yasipoe. Yeye hakuvishwa kitu. Na baridi ya Juni huku haipigi hodi: inaingilia mkono wa shati, inatokea kwenye meno. Makoti ya waendesha pikipiki yaliahidiwa tangu mwaka uliopita, na kila alipouliza, Ndugu Bartholomeo, meneja, alijibu kwa Kiingereza ili jibu lipate uzito: "The matter is under consideration." Basi Ambrosi alivaa soksi mikononi, akapanga magazeti kifuani chini ya shati, kurasa za hotuba kwa ndani kwa kuwa ndizo nene. Hotuba zile hazijawahi kumfaa mtu zaidi ya hapo.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito hata gurudumu la mbele alilisikia tu. Kwenye kona ya juu ya daraja la magogo vidole vilikataa kushika breki. Akasimama, akakumbatia debe la maharage mpaka vidole vikarudi, kisha akatoa tonge lake alilofungiwa na mpishi, akala amesimama.

Nyuma yake mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu mwenye adabu asiyetaka kusumbua.

"Karibu," akasema Ambrosi, mdomo umejaa.

Akageuka. Ukungu mtupu. Akajicheka, akapanda pikipiki, akaenda. Kitu kimoja tu kilimshangaza: mgongo wake ulikuwa na joto. Si joto la jua. Joto la mtu aliyekuegemea.

Msituni, mnyapara Eliezeri alifunua debe. Hakuna mvuke. Akachovya kidole.

"We msomi, haya maharage umeyachota mtoni?"

"Yalikuwa yanachemka, mzee. Yameniunguza mimi mwenyewe."

"Form Six wanafundishwa kupoza chakula," akasema mmoja, wenzake wakacheka. Walipoonja, kicheko kikaisha. Ugali ulikuwa baridi kama tofali la alfajiri, na haukuwa na ladha yoyote, kama kitu ambacho mtu mwingine ameshakila.

Kesho yake vilevile, na siku iliyofuata vilevile. Eliezeri alimnong'oneza kwamba mwenye njaa na shoka si mtu wa kuchezewa. Ambrosi aliapa, akaongeza magunia, akabana vifuniko kwa waya. Lakini hakuchunguza sana, kwa sababu alikuwa anapata joto. Kila akiipita kona ile kitu kilijisogeza kati ya mgongo wake na madebe, na mwili ukalegea kwa raha, na harufu ya karatasi iliyoloa ikamjia puani.

Halafu ikaja asubuhi ambayo ukungu uliachia kidogo, akainamisha macho kutazama tangi la petroli, akaona juu ya magazeti yake, pale tumboni, mikono miwili imemkumbatia, imevaa soksi za shule zenye mistari ya kijani, moja imetoboka na kidole gumba kimetokeza, cheupe kama nta ya mshumaa, na kabla hajajua kama apige kelele au aiache pikipiki iende korongoni na huyo aliyemkumbatia, sauti ikamwambia sikioni, polepole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Koti limekuja?"

Hajui alivyoshuka mlima. Alimkuta Roza, mpishi, anakoroga uji. Aliposikia habari ya soksi, mwiko ulimdondoka.

"Ni za binti yake," akasema chini chini. "Marcelino huyo. Ndiye aliyekuwa akipeleka chakula kabla yako. Tulimkuta pale kona amekaa juu ya pikipiki, mguu mmoja chini, kama anasubiri mtu avuke. Amekauka kwa baridi. Ofisi ikasema ni mapenzi ya Mungu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungeichukua kazi?"

Siku hiyo joto halikuishia njiani. Lilimfuata nyumbani. Mkewe, Evarista, alimpa mtoto wao Lea, ambaye alikuwa hajaota hata jino, na kama kawaida Ambrosi akamweka kifuani. Mtoto akashtuka. Akafumbua mdomo alie, sauti haikutoka. Midomo ikageuka rangi ya zambarau, na kadiri yeye alivyozidi kupata joto ndivyo mwanawe alivyozidi kupoa mikononi mwake, kama debe la maharage.

"Mlete," Evarista akasema kwa sauti ndogo, akampokonya. "Usimguse. Baba Lea, nakuomba, toka nje."

Hata alipotoka, mtoto hakurudi vizuri. Walimfunika kwa kila nguo iliyokuwemo, bado akabaki baridi.

Alfajiri Ambrosi alikuwa kwa Bibi Verediana, mganga wa bondeni, ambaye rozari yake na vibuyu vyake vilining'inia kwenye msumari mmoja bila kugombana.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene. Wewe ingia. Huyo mwenzio abaki mlangoni, mimi simkaribishi." Akamtazama. "Nani alimkaribisha?"

"Mimi. Nilidhani ni mtu."

"Ni mtu, ndiyo shida. Angekuwa jini la kawaida ningemfukiza akakimbia. Huyu ni mgeni. Mgeni hafukuzwi, husindikizwa. Anakuuliza nini?"

"Koti."

"Basi msindikize liliko koti. Lakini mlangoni usimsemee. Mwenye mlango amkaribishe kwa mdomo wake."

"Na asipomkaribisha?"

Bibi alichochea moto. "Mwanao hatafika Jumapili."

Ambrosi alipanda pikipiki na mikono ile ikamkumbatia, na njia nzima, kona baada ya kona, sauti iliuliza swali lake lilelile bila hasira, bila haraka, na yeye akalia bila kujibu, machozi yakamgandia mashavuni, mpaka akasimama mbele ya mlango wa meneja, akagonga.

Sasa, meneja wetu ni mtu wa mikutano. Akigongewa hanyanyui kichwa.

"Karibu!"

Ndani ya neno hilo joto lilimtoka Ambrosi mgongoni. Baridi ikamkamata, baridi halisi ya Juni, ya Mungu, na hajawahi kufurahia kitu kama hicho. Akaingia, akafunga mlango.

Ndugu Bartholomeo alikuwa amekaa kando ya jiko la mkaa, kikombe cha chai mkononi, amevaa koti jipya, zito, la kijani, lebo ya stoo ingali inaning'inia kwenye mkono. Mvuke wa chai ukakatika. Makaa yakafifia, moja baada ya jingine, kama macho yanayosinzia.

"Funga mlango, bwana. Baridi hiyo."

"Umefungwa, ndugu."

Nyuma ya kiti mtu akakohoa.

"Umekuja na nani?" Sauti ya meneja ilikuwa imepungua. "Kama ni lile suala la makoti, lile liko under... liko..."

Hakumaliza. Alikuwa anatazama kifua chake mwenyewe. Soksi mbili zenye mistari ya kijani zilikuwa zimemzunguka kutoka nyuma, na kidole gumba cheupe, kwa adabu, bila haraka, kilikuwa kinafungua kifungo cha kwanza.

Ambrosi alinyoosha mkono wake wa baridi juu ya meza.

"Ufunguo wa stoo, Ndugu Meneja. Marcelino anachukua lake mwenyewe. Yetu sisi tulio hai toa wewe, leo, kabla hajamaliza vifungo."